Kutakiana Heri ni Kazi ya Moyo

Ni vigumu kupata duniani watu watakianao heri mara nyingi kwa siku kama sisi tusemao Kiswahili. Tukiachana twasema kwa heri. Mtu akisafiri twamwombea safari njema. Akienda kulala twamtakia usiku mwema. Akifiwa, au akijikwaa tu njiani mbele yetu, twasema pole. Akijaliwa mtoto au akifaulu mtihani, twasema hongera. Mgeni ashukaye kwenye kituo cha mabasi Musoma na kutembea mpaka ziwani Mwigobero atakuwa ametakiwa mema na watu wengi asiowajua hata kwa majina. Ni urithi mwema, nasi twauonea fahari. Lakini kila mtu mzima ajua pia kwamba maneno hayo mara nyingi hutoka ulimini hali moyo uko mbali, na kwamba yawezekana mtu kumwambia jirani yake kwa heri asubuhi, na usiku wa siku ile ile akaketi na ndugu zake kuulizana namna ya kumlipiza kisasi.

Mwanya huo ulio kati ya ulimi na moyo ndio tutakaouzungumzia leo. Wako watu ambao kwa zaidi ya miaka 2,000 wameufanya kuwa somo, lenye hatua zake, makosa yake na dawa zake, kama seremala alivyo na somo lake la randa na msumeno. Watu hao ni wafuasi wa Buddha, na somo lenyewe huitwa metta. Ni neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha wa Sri Lanka, Burma na Thailand, nalo lina ujamaa na neno la lugha hiyo hiyo lenye maana ya rafiki. Sisi twaweza kulifasiri kuwa ni upendo wa kirafiki, au kwa ufupi zaidi, kutakia heri. Hatumwandikii msomaji ili abadili dini yake. Twaandika kwa sababu twaona kwamba mvuvi wa Musoma, mkulima wa Bunda na mzee wa Butiama wanayo haja ya somo hilo, na kwamba hakuna dini yao hata moja ikatazayo kuwatakia wanadamu mema.

Walimu wa somo hili hutaja hali nne za moyo ziendazo pamoja. Ya kwanza ndiyo hiyo metta, kumtakia kila kiumbe heri. Ya pili ni huruma, moyo uguswao na taabu ya mwenzako. Ya tatu ni kuifurahia neema ya mwenzako pasipo kijicho. Ya nne ni utulivu usioyumbishwa na sifa wala lawama, faida wala hasara. Msomaji na aangalie vema: kwa heri, pole, hongera. Hali tatu kati ya hizo nne tayari zimo vinywani mwetu tangu utoto, na ya nne wazee wetu waijua wanapomwambia kijana aliyekasirika kwamba aketi kwanza, anywe maji, ndipo aseme. Hatuna haja ya kuagiza maneno kutoka nje. Kilichobaki ni kuyateremsha maneno yetu wenyewe mpaka moyoni, na kazi hiyo haifanyiki kwa siku moja.

Wala msomaji asidhani kwamba mambo haya yako Asia tu. Huko Upanga, Dar es Salaam, kuna hekalu la Wabuddha lenye umri wa karibu miaka 100, lililoanzishwa na Wasinhala, wenyeji wa kisiwa cha Sri Lanka kilichokuwa kikiitwa Ceylon, ambao walikuja Tanganyika kufanya kazi katika enzi ya ukoloni. Karibu zaidi nasi, kwenye ziwa hili hili tunaloteka maji, kuna Kituo cha Wabuddha cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 2005 karibu na Entebbe. Mwanzilishi wake ni Bhante Buddharakkhita, Mganda kwa kuzaliwa, aliyekwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana huko na watawa wa Thailand, na mwaka 2002 akavishwa vazi la utawa katika jimbo la California, Marekani. Alikaa miaka kadhaa katika nyumba ya watawa ya West Virginia, kisha akarudi kwao kuwafundisha watu wake.

Mtu wa Butiama akisikia jina la Entebbe hukumbuka jambo jingine. Mwezi Aprili 1979 majeshi yetu yaliuteka mji huo katika vita vya kumng'oa Idi Amin, na Divisheni ya 20 iliyopigana upande huo iliongozwa na David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyefariki mwaka 2024. Watu waliokuwa wakitazamana kwa mitutu ya bunduki leo wauziana samaki na mahindi. Uadui, basi, si jiwe. Hubadilika, na ukibadilika wenye kushangaa zaidi ni wale waliodhani hauwezi kwisha.

Masimulizi ya Wabuddha yana hadithi juu ya asili ya somo hili. Katika siku za Buddha, yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, kundi la watawa lilikwenda kukaa msituni wakati wa masika ili wapate utulivu wa kutafakari. Pepo waliokaa katika miti ile hawakupendezwa na wageni. Wakawatokea usiku kwa sura za kutisha, wakapiga makelele, wakawaletea uvundo, hata watawa wakakonda kwa hofu na kukosa usingizi. Wakarudi kwa mwalimu wao wakimsihi awapeleke mahali pengine. Yeye akawaambia warudi pale pale, tena waende wakiwatakia heri wakazi wote wa msitu ule, wanaoonekana na wasioonekana, walio karibu na walio mbali. Wakafanya hivyo, na pepo, wasema wasimulizi, wakalainika, wakawa ndio walinzi wao.

Mtu wa Mara haoni ugeni katika hadithi hiyo. Wazanaki wa Butiama wanao msitu wao wa Muhunda, ambao kwa jadi huheshimiwa kuwa makao ya mizimu, wala hauingiwi ovyo ovyo. Lakini tukisema kweli, mara nyingi kitunyimacho usingizi si pepo wa mtini. Ni ndugu aliyetudhulumu kiwanja cha baba, ni mtu tunayemdhania kuwa ndiye aliyekata nyavu zetu usiku, ni jirani ambaye ng'ombe wake waliingia shambani asije hata kuomba radhi. Hao ndio hutujia gizani kwa sura za kutisha, na kwa kuwa tumewabeba vichwani mwetu, hakuna mahali pengine tuwezapo kuhamia.

Sasa tueleze jinsi kazi yenyewe ifanywavyo. Katika karne ya 5 baada ya Kristo, mtawa mmoja mwanachuoni aitwaye Buddhaghosa, akikaa Anuradhapura katika kisiwa cha Ceylon, alikusanya mafundisho ya waliomtangulia katika kitabu kikubwa kiitwacho Visuddhimagga. Humo aliweka utaratibu ambao walimu wengi wangali wakiufuata hata leo. Mtu hutafuta mahali patulivu, huketi vizuri bila kujikaza, na kuanza kwa kujitakia heri mwenyewe kimoyomoyo kwa maneno machache: nikae salama, nikae na afya, moyo wangu utulie, nisiwe na uadui na mtu. Wako watakaoshtuka na kusema kwamba huo ni ubinafsi. Sivyo. Mtu hujianza mwenyewe ili apate kipimo: akiisha kuona jinsi anavyotamani usalama na kuchukia maumivu, ndipo awezapo kutambua kwamba na yule mwingine ndivyo alivyo. Asiyejua utamu wa asali hawezi kumtakia mwenzake mzinga.

Baada ya nafsi yake, humleta moyoni mtu anayemstahi, kama mwalimu aliyemfundisha kusoma, au mama mkubwa aliyemlea. Kisha rafiki yake mpendwa. Kitabu hicho kina tahadhari za busara hapa. Mtu asianze na yule anayemtamani kwa mapenzi ya mwili, kwa kuwa tamaa hujifanya upendo, na mwenye nayo hajui lini amevuka mpaka. Wala asimchague aliyekwisha kufa. Yasimuliwa kwamba mtawa kijana alijitahidi sana kumtakia heri mwalimu wake, moyo ukakataa kutulia. Akaenda kwa mkubwa wake kuuliza, akaambiwa achunguze kwanza kama huyo mwalimu yu hai. Akachunguza, akakuta amekwisha kufariki. Somo hili ni la walio hai, wale tunaoweza kukutana nao kesho asubuhi.

Hatua ifuatayo ni ya mtu wa katikati, yaani yule tusiyempenda wala kumchukia. Twadhani hatua hii ndiyo yenye faida kubwa katika miji yetu. Ni nani huyo? Ni mwanamke anayeanika dagaa juani, ambaye twampita kila siku tusimwone. Ni utingo wa basi pale Bunda, mahali barabara ya Mwanza ielekeapo Musoma na Sirari, anayepaza sauti mchana kutwa kuita abiria. Ni mlinzi wa usiku, ni mchota mchanga, ni kijana mwenye bodaboda ambaye twamjua kwa koti lake tu. Mtu anayejizoeza humchukua mmoja wa hao na kumtakia yale yale aliyojitakia mwenyewe. Akifanya hivyo kwa juma moja huanza kumwona: huona kwamba ana kikohozi, kwamba ana watoto, kwamba jana hakuwapo. Watu wa katikati ndio wengi kupita wote duniani, na mji ambamo hao huonwa hauwi sawa na mji ambamo hawaonwi.

Maandiko yenyewe yafundisha kwamba jambo hili laweza kufanywa mtu akiwa amesimama, akitembea, ameketi au amelala, maadamu yu macho. Basi hakuna anayeweza kusema hana nafasi. Mvuvi wa dagaa atokaye na taa zake katika giza la mwezi hukaa saa nyingi juu ya maji akingoja samaki wakusanyike. Hizo ni saa za kutosha. Mama aliye katika foleni ya zahanati, abiria anayengoja kivuko kwenda Kinesi, mwalimu anayetembea kutoka shuleni, wote wanazo dakika kumi ambazo sasa wazitumia kurudia rudia moyoni maneno makali waliyokosa kuyasema jana.

Wataalamu wa siku hizi nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2008 Barbara Fredrickson wa Chuo Kikuu cha North Carolina, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wafanyakazi 139 wa kampuni moja ya kompyuta nchini Marekani. Baadhi yao walifundishwa mazoezi ya metta kwa muda wa majuma 7, wengine wakangojeshwa ili wapate kulinganishwa nao. Waliojizoeza waliongezeka furaha, shukrani na matumaini siku hata siku. Na lililo muhimu ni kwamba ongezeko hilo halikuonekana tangu siku za mwanzo, bali lilikuja taratibu, kama mche unavyokua. Kwa hiyo atakayejaribu mara mbili, asione kitu, akaacha, atakuwa amefukua mbegu kabla haijachipua.

Lakini mtu hajui kiasi cha wema wake mpaka wema huo uguswe. Katika maandiko ya kale ya Wabuddha kuna kisa cha bibi mmoja tajiri aitwaye Vedehika, aliyesifiwa mji mzima kwa upole wake. Alikuwa na mjakazi hodari aitwaye Kali. Jina hilo lisimpoteze msomaji wa Kiswahili, kwani mkali hakuwa yeye. Siku moja Kali akajiuliza: je, bibi yangu ni mpole kweli, au upole wake ni kwa sababu kazi yangu haina kasoro? Akaamua kumjaribu. Kesho yake akachelewa kuamka. Bibi akamkunjia uso. Siku ya pili akachelewa zaidi, bibi akamtukana. Siku ya tatu akachelewa zaidi tena. Bibi akashika komeo la mlango, akampiga nalo kichwani hata damu ikatoka. Kali akatoka nje, damu zikimtiririka, akawaita majirani watazame kazi ya yule mpole wao. Sifa ya miaka mingi ikaanguka asubuhi moja.

Kisa hiki kingeweza kutokea katika nyumba yoyote ya Musoma. Wangapi kati yetu ni wapole maadamu chai imekuja kwa wakati? Wangapi huitwa watu wema ofisini, na binti wa kazi nyumbani kwao ajua habari nyingine? Mume husifiwa kanisani au msikitini, na mke hutetemeka asikiapo hatua zake mlangoni. Ndiyo maana twasema kwamba mazoezi ya kutakia heri mahali pake hasa ni pale jikoni, pale dukani, pale penye deni lisilolipwa.

Hivyo twafika kwenye hatua iliyo ngumu kupita zote, nayo ni ya adui. Hapa sisi wa Mara hatuna budi kusema bila kuficha. Mwezi Februari 2010, huko Buhare, katika mji wetu wa Musoma, watu 17 wa ukoo mmoja waliuawa usiku mmoja, na kilichotajwa kuwa chanzo ni kisasi. Walikuwamo watoto. Hatusemi haya ili kufungua kidonda cha waliobaki. Twasema kwa kuwa kisasi hakianzii kwenye panga. Huanzia katika usiku mwingi wa kimya ambapo mtu huhesabu na kuhesabu tena yale aliyotendewa, mpaka hesabu ile ikawa ndiyo chakula chake. Polisi hufika panga likiisha kuinuliwa. Nani afikaye usiku ule wa kimya? Hakuna awezaye kufika huko ila mwenye moyo wake mwenyewe.

Kwa ajili ya hatua hii Buddhaghosa hakumwambia mtu ampende adui yake mara moja. Alijua kwamba hasira itapanda, akatoa dawa nyingi, moja baada ya nyingine, kama mganga mwenye mkoba uliojaa. Kwanza, mtu arudi nyuma kwa rafiki yake, moyo upate joto, kisha ajaribu tena. Ikishindikana, atafute kwa adui yule jambo moja tu lililo jema: pengine ulimi wake ni mbaya lakini mikono yake ni ya kazi, pengine hana jema lolote, na hapo astahili kuhurumiwa, maana ana mzigo mzito mbele yake. Ikishindikana tena, akumbuke kwamba mwenye hasira ni kama mtu aliyeokota kaa la moto au kinyesi ili amtupie mwenzake. Wa kwanza kuungua na kunuka ni yeye mwenyewe. Ajiulize pia, anachukia kitu gani hasa? Je, ni nywele za yule mtu, au kucha zake, au mifupa yake? Na yote yakishindikana, ampelekee adui zawadi, au apokee ya kwake. Dawa hii ya mwisho wazee wetu waijua vizuri: mtu akila chakula chako huona haya kukutukana, na ukila chake waona haya vivyo hivyo.

Na ili ajue kama amefika, ametolewa mfano huu. Umeketi na watu watatu: rafiki yako, mtu wa katikati, na adui yako. Wanakuja majambazi na kusema wanataka mtu mmoja kati yenu wamuue. Utamtoa nani? Ukisema wamchukue adui, bado hujafika. Ukisema wamchukue yule usiyemjua sana, bado. Hata ukisema wakuchukue wewe, bado pia, kwa kuwa umeitenga nafsi yako na kuinyima heri unayowatakia wengine. Amefika yule ambaye, akiwatazama wote wanne, haoni hata mmoja wa kutolewa. Twaomba kila baraza la ukoo litakalokaa kuzungumza juu ya mtu wa kulipizwa lijiulize swali hilo kabla ya kuinuka.

Walimu hawa hawaishii kwa binadamu. Wasema heri hiyo iwaelekee viumbe vyote, na hapo mkulima wa Bunda atainua mkono aulize: hata tembo? Swali lake ni la haki. Vijiji vya Bunda vilivyo jirani na Hifadhi ya Serengeti, kama Hunyari na Kunzugu, vyajua maana ya kuamka na kukuta shamba la mahindi limelazwa chini usiku mmoja. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2011 za kutoa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kufiwa. Na majina yenyewe yaonyesha kwamba fedha hizo hufuta tu, hazirudishi.

Katika masimulizi ya Wabuddha yumo tembo mmoja, Nalagiri, ambaye adui wa Buddha alimlewesha pombe akamfungulia njiani ili amkanyage; Buddha akamwelekezea heri ya moyo wake, na mnyama akatulia mbele yake. Twamsihi mkulima wetu asilijaribu jambo hilo. Yeye na aendelee na tochi zake, makopo yake, kamba zake za pilipili na mizinga yake ya nyuki. Kumtakia tembo heri maana yake ni kumtakia ashibe na akae salama hukohuko hifadhini, na mimi nikae salama huku kwangu na watoto wangu. Aliye na nia hiyo atalinda shamba lake usiku kucha, lakini hatatega sumu. Na akidai haki yake ofisini, atadai bila kuwaona wanyama wote na maofisa wote kuwa ni shetani mmoja.

Hilo latujibia pia wale wasemao kwamba mafundisho haya ni ya wanyonge. Kumtakia mtu heri si kumwachia akuibie. Mwizi wa nyavu apelekwe polisi, mwuaji apelekwe mahakamani, mdaiwa adaiwe. Tofauti ni hii: mwenye moyo uliotulia hutaka kosa likome, na mwenye chuki hutaka mkosaji aangamie, hata kama kosa litaendelea kwa watoto na wajukuu.

Mfano mzuri twaupata kwa U Thant wa Burma, Mbuddha aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu Novemba 1961 hata 1971. Ndiye aliyekuwa katika kiti hicho Tanganyika ilipopokewa katika Umoja huo mwezi Desemba 1961. Mwaka 1962 alifiwa na mwanawe kwa ajali huko Rangoon, na mwaka ule ule, mwezi Oktoba, akawa mpatanishi kati ya Marekani na Urusi wakati dunia ilipokaribia vita vya nyuklia kwa ajili ya Kuba. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1978 baada ya kifo chake, alieleza hali zile nne za moyo tulizozitaja, na jinsi alivyojaribu kuzifuata kazini. Hakuna awezaye kumwita mtu huyo mnyonge.

Hata hivyo haki yatudai tuseme na upande wa pili. Katika nchi hiyo hiyo ya Burma, ambayo sasa huitwa Myanmar, maelfu ya watawa waliandamana mwezi Septemba 2007 wakitamka maneno ya metta mbele ya askari wenye silaha, na dunia ikawastahi. Lakini miaka michache baadaye wako watawa waliotumia mahubiri yao kuchochea chuki juu ya Waislamu. Na tangu Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh wakiyakimbia mashambulio ya jeshi. Vazi lilikuwa lile lile na maneno yalikuwa yale yale. Twajifunza nini? Kwamba somo la heri halijilindi lenyewe. Laweza kubaki ulimini kwa mtawa kama vile kwa heri ibakiavyo ulimini kwetu. Kwa hiyo asiwepo mtu wa dini yoyote wala kabila lolote wa kujiona amesalimika kwa kuwa maneno mazuri anayajua kwa moyo.

Huko Butiama amelazwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyezikwa kwao mwezi Oktoba 1999. Chama alichokiongoza kilimtaka kila mwanachama wa TANU aahidi kwanza kabisa kwamba binadamu wote ni ndugu zake. Ahadi hiyo ni pana. Ndani yake wamo rafiki, mtu wa katikati na adui. Wengi waliitamka wakati wa kupokea kadi, na wengi wakaona taabu waliporudi nyumbani kumkuta yule ndugu hasa aliyewadhulumu. Twaona kwamba mazoezi haya ya kale yaweza kuwa ngazi ya kupandia ahadi hiyo, kwa kuwa hayamtaki mtu aruke mara moja hadi binadamu wote. Yamwambia aanze na mmoja, kisha wa pili, kisha yule asiyemwona, kisha yule asiyetaka kumwona.

Kwa hiyo twapendekeza jambo dogo. Kila msomaji wetu, awe Mjita, Mkwaya, Mzanaki, Mwikizu, Mkurya au Mjaluo, awe wa msikiti au wa kanisa au wa jadi, na ajaribu kwa muda wa mwezi mmoja kutenga dakika kumi kabla ya kulala. Ajitakie heri, amtakie heri aliyemfanyia wema, amtakie heri mmoja wa wale awapitao njiani, na akiweza, amtaje moyoni mtu mmoja ambaye wamekosana, hata kama kwa siku za mwanzo hataweza zaidi ya kulitaja jina lake bila kukunja ngumi. Mchana, kila atamkapo kwa heri, pole au hongera, asimame kidogo ajiulize kama moyo umefuata. Siku moja yule waliyekosana naye atamkuta njiani na kumsalimu. Na atakapoitika, yeye mwenyewe atajua kama ameitika kwa ulimi peke yake.